Rovu Likishakatwa, Kazi Haijaisha

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, juma lililopita nilikuwa kituoni nikisubiri daladala, mkononi nimeshika bahasha kubwa ya kaki ya hospitali. Akatokea mama mmoja wa mtaani kwetu, mtu mzima ninayemheshimu kama mzazi wangu. Nikampa shikamoo yake, akaitikia. Kisha akaitazama ile bahasha, akanitazama shingo, akasema, "Mwanangu, si walikwisha kukata? Sasa unarudi kutafuta nini?"

Swali hilo ndilo lililonileta leo mbele ya kipaza sauti. Najua si la mama yule peke yake. Wengi wetu tunaamini kwamba ugonjwa ukishapita chini ya kisu, basi umekwisha, na kwamba anayerudi hospitali baada ya hapo ama anatafuta ugonjwa ama amefichwa jambo. Kwa rovu na vinundu vya shingoni imani hiyo ni ya hatari, na imani ya upande wa pili, yaani kwamba kinundu kinachoonekana baada ya upasuaji lazima kiwe saratani, nayo ina hatari yake. Mimi nilipitia zote mbili.

Kweli, walikwisha nikata. Kovu lipo, ila ukosi wa shati hulificha. Kilichotolewa ni nusu ya kulia ya tezi ya thairoidi, iliyokuwa na uvimbe wa sentimita nne na nusu ulioanza kunikaba nikilala chali. Maabara ikathibitisha kwamba uvimbe ule haukuwa saratani. Siku ya kutoka, mtu wa dirishani aligonga muhuri kwenye karatasi zangu, akaniambia nimepona, niende zangu. Hakuna aliyenitajia tarehe ya kurudi, nami sikuuliza. Nikaenda zangu kweli, kwa miaka minne.

Tuanze na tezi yenyewe. Vitabu vya Kiswahili huiita dundumio. Hospitalini utasikia thairoidi. Imekaa mbele ya koromeo, chini kidogo ya kile kifundo cha koo, na umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa: bawa moja kulia, jingine kushoto, na kipande chembamba cha kuyaunganisha katikati. Ni ndogo, lakini kazi yake inafika mwili mzima. Hutengeneza homoni inayoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, tumbo lisage vipi chakula, ngozi iwe na joto kiasi gani, hata akili ichangamke au ilale. Ili kuitengeneza homoni hiyo, tezi inahitaji madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi yetu ya mezani.

Madini joto yakipungua mwilini, tezi hujitahidi kuyakamata machache yaliyopo, na katika kujitahidi huko hupanuka. Hilo ndilo rovu walilolijua wazee wetu, hasa wa nyanda za juu, ambako mvua za karne na karne zimeyasafisha madini hayo kutoka kwenye udongo. Ndiyo sababu katika miaka ya 1990 serikali yetu iliweka kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi. Hata hivyo, si kila uvimbe hutokana na chumvi. Umri unapopanda, vinundu vidogo huota ndani ya tezi kama mvi zinavyoota kichwani. Wanawake huvipata zaidi kuliko wanaume, na ziko familia ambazo hurithishana. Ukiwapima kwa ultrasaundi watu wazima wasio na lalamiko lolote, wengi utawakuta na kinundu kimoja au zaidi, na wengi wao wataishi hadi uzee na kufa kwa jambo jingine bila kujua kwamba walikuwa nacho.

Sasa turudi shingoni kwangu. Mwaka wa nne baada ya upasuaji nilipata mafua yaliyoganda kooni. Daktari wa zahanati alipopapasa shingo akasema, "Kuna kitu huku kushoto." Nikapelekwa ultrasaundi. Majibu yakasema: kinundu kimoja, milimita 11 kwa 8. Siku ile sikulala. Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jamaa mmoja akaniambia kwamba kisu ndicho kilichoutawanya ugonjwa, kwamba rovu ukiligusa kwa chuma linahamia upande wa pili. Daktari wa kwanza niliyemwendea akasema njia fupi ni kutoa na nusu iliyobaki, tumalize.

Ndugu msikilizaji, mkate wangu ni sauti hii unayoisikia. Nyuma ya tezi ya thairoidi hupita mishipa miwili ya fahamu, mmoja kila upande, inayoendesha nyuzi za sauti. Daktari mpasuaji mzoefu huitafuta na kuilinda, na mara nyingi sana hufaulu. Lakini ukijeruhiwa mmoja, sauti hukwaruza. Wakijeruhiwa wote wawili, hata kupumua huwa taabu. Nyuma ya tezi hiyo hiyo kuna tezi nyingine nne ndogo kama punje, zinazosimamia kalisiamu katika damu. Zikitolewa kwa bahati mbaya au zikikosa damu, mgonjwa huona ganzi midomoni na vidole hukakamaa. Kwa hiyo kutoa nusu iliyobaki si jambo la kusema "tumalize" kama mtu anayemalizia ugali uliobaki sahanini. Ni uamuzi unaohitaji sababu.

Nikaomba kuonana na daktari bingwa mwingine. Bwana yule hakunishika shingo kwanza. Aliuliza swali moja: "Picha ya kabla ya upasuaji iko wapi?" Sikuwa nayo. Akanirudisha nyumbani nikaitafute.

Niliikuta chini ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na risiti za umeme. Ile karatasi niliyokuwa sijawahi kuisoma hata mara moja ilisema, mstari wa mwisho kabisa, kwamba upande wa kushoto kulikuwa na kinundu kimoja, milimita 10 kwa 8.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kinundu hiki hakikuletwa na kisu. Kilikuwapo kabla sijaingia chumba cha upasuaji. Uvimbe mkubwa wa kulia ulichukua macho ya kila mtu, huyu mdogo akasahauliwa. Tena katika miaka minne kiliongezeka milimita moja upande mmoja, na upande wa pili hakikuongezeka. Daktari alinieleza kwamba milimita moja inaweza kuwa ni tofauti ya mkono wa anayepima tu. Kinundu huhesabiwa kuwa kimekua pale kinapoongezeka angalau sehemu moja ya tano katika vipimo viwili kati ya vitatu, na ongezeko lenyewe lisipungue milimita mbili. Au ujazo wake wote uongezeke kwa zaidi ya nusu. Chini ya hapo, kimetulia.

Lakini kutulia peke yake hakutoshi kusema kwamba kitu ni salama. Yako mambo mawili yanayoangaliwa. La kwanza ni sura ya kinundu katika picha. Kinundu kilichojaa maji, au chenye vishimo vishimo kama sponji, humpa daktari matumaini. Kinundu kigumu, cheusi katika picha, chenye kingo zilizochongoka, kilichosimama wima kuliko kilivyolala, au chenye chembe chembe nyeupe za chokaa ndani yake, humtia shaka. La pili ni kipimo cha sindano. Sindano nyembamba huingizwa kwenye kinundu, chembe kidogo hunyonywa na kutazamwa kwa darubini. Inauma kama sindano ya kawaida, na kwa kawaida mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Majibu ya maabara hugawanywa katika mafungu sita, tangu lile la kukosa chembe za kutosha hadi lile la saratani. Nami niliangukia fungu la salama. Katika fungu hilo, kati ya watu 100 ni kama wawili watatu tu ambao baadaye huweza kukutwa na saratani.

Hao wawili watatu ndio sababu ya kurudi. Wale 97 ndio sababu ya kutokukimbilia kisu. Ukiyashika mambo haya mawili kwa pamoja, umeelewa maana ya kufuatilia.

Wala si maneno matupu. Mwaka 2015 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitano watu 992 waliokuwa na vinundu vilivyoonekana salama kwa picha au kwa sindano. Kwa watu wengi vinundu havikubadilika. Kwa kiasi cha watu 15 katika kila 100 vilikua, na kwa kiasi cha 18 katika kila 100 vilipungua vyenyewe bila dawa. Vinundu vyote kwa pamoja vilizidi 1,500, na saratani ilikutwa katika vitano tu. Utaona basi kwamba hata kukua si lazima kuwe kubaya. Ni ishara ya kutazama upya, pengine kurudia sindano, na si hukumu.

Ratiba yenyewe haichoshi. Kinundu kilichosomwa salama kwa sindano, na ambacho picha yake haina shaka kubwa, hupigwa picha tena baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Kikiwa kimetulia, nafasi kati ya picha huongezwa. Ikiwa picha ilitia shaka nyingi, hata kama sindano ilisema salama, picha na sindano hurudiwa kabla mwaka haujaisha. Ukiweza, piga picha mahali pale pale, na kila mara nenda na karatasi ya zamani. Karatasi moja inasema ukubwa tu. Ni mbili zinazosema mwendo.

Katikati ya ratiba hiyo yapo mambo ambayo hayasubiri tarehe. Uvimbe ukikua kwa haraka katika majuma machache. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya majuma matatu bila mafua. Chakula kikikwama au pumzi ikibana. Au tezi ngumu zikiota pembeni mwa shingo, nenda mara moja. Kadhalika moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka na mwili ukikonda bila sababu, sema, kwa kuwa viko vinundu ambavyo si saratani lakini hutengeneza homoni kupita kiasi. Na kama utotoni uliwahi kuchomwa mionzi shingoni, au katika familia yupo aliyeugua saratani ya tezi hii, mwambie daktari hata kama hakuulizi.

Upande wa pili wa kufuatilia ni damu. Kutoka chini ya ubongo hutoka homoni inayoisukuma thairoidi ifanye kazi. Maabara huiandika TSH. Thairoidi ikilegea, msukumo huu hupanda, kama utingo anavyopiga bati kwa nguvu dereva asiposikia. Majuma sita hadi manane baada ya upasuaji kipimo hiki hutakiwa kufanywa, kisha hurudiwa kwa vipindi. Aliyetolewa nusu, nusu iliyobaki mara nyingi huimudu kazi. Lakini kama mmoja kati ya watano huhitaji vidonge. Aliyetolewa yote huhitaji vidonge vya thairoksini maisha yake yote. Hapo hakuna ubishi.

Jambo hili binadamu walijifunza kwa machungu. Theodor Kocher, daktari mpasuaji wa mji wa Bern huko Uswisi, nchi ya milima iliyokuwa na marovu mengi, alisifika kwa mkono wake mwepisi. Mwanzoni aliwatoa wagonjwa wengine tezi yote. Walitoka hospitali wakiwa hai, na kovu safi. Baadaye akawaita warudi awatazame. Mwaka 1883 alieleza mbele ya madaktari wenzake yale aliyoyaona: wengi waliotolewa tezi yote walikuwa wamevimba uso, wamepooza mwendo, wanaona baridi, akili imezubaa. Akaacha kutoa tezi yote pale ambapo hakukuwa na saratani. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii. Zingatia, ndugu yangu, kwamba mkono wake haukumfunulia hayo. Aliyajua kwa kuwaita wagonjwa warudi. Dawa nayo ikafuata: mwaka 1891 George Murray wa Uingereza alimtibu mama mmoja kwa maji ya tezi ya kondoo, na mwaka 1914 Edward Kendall wa Marekani akaitenga homoni yenyewe, ambayo leo tunaimeza kama kidonge.

Kidonge hicho kina adabu yake. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, na chai husubiri nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisiamu vikae mbali nacho kwa saa nne, maana huzuia kisiingie mwilini. Mama akishika mimba aende kliniki mapema, kwani mahitaji huongezeka na mtoto tumboni anategemea homoni ya mama yake. Asijipunguzie wala kujiongezea mtu. Homoni ikizidi, moyo na mifupa huumia.

Niseme na juu ya chumvi. Chumvi yenye madini joto ni kinga ya taifa, tuile kwa kiasi. Lakini haiyeyushi kinundu kilichokwisha kuota, na matone ya madini joto yanayouzwa mikononi si tiba yake. Yanaweza kuichafua tezi zaidi. Wala vidonge vya thairoksini havitolewi siku hizi kwa ajili ya kukisinyaza kinundu salama cha mtu ambaye homoni zake ziko sawa, kwa kuwa faida ni ndogo na moyo hubeba mzigo.

Kuna wakati kisu ni haki. Kinundu kikibana koo, kikikua na kuvuka sentimita nne, au sindano ikileta majibu ya shaka, basi mtu asiogope. Mimi upande wa kulia nilihitaji kukatwa na nashukuru nilikatwa. Kushoto sikuhitaji, na karatasi moja ya zamani ndiyo iliyoniokoa. Picha ya safari hii, iliyokuwa ndani ya ile bahasha, imesema tena milimita 11 kwa 8. Nitarudi baada ya miaka miwili.

Namalizia kwa mama yule wa kituoni. Nilipokuwa namweleza hayo, niligundua kwamba katika jua lile la Dar es Salaam, mimi natiririka jasho, yeye alikuwa amevaa sweta. Sauti yake ilikuwa nzito, uso umejaa. Nikamuuliza polepole, "Mama, na wewe si uliwahi kukatwa rovu?" Akasema ndiyo, zamani, wakatoa karibu lote. Na vidonge? "Vilikwisha mwaka jana, mwanangu. Nikaona mbona mzima tu, nikaacha."

Daladala langu lilipita, sikulipanda. Siku ya pili yake tulikwenda kliniki pamoja. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba msukumo umepanda mno. Daktari amemwanzishia dawa kwa kiasi kidogo, atampandisha taratibu kwa sababu ya umri na moyo wake, na baada ya majuma sita atampima tena. Kadi yake nimemwekea ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati, mbali na risiti za umeme.

Kwa hiyo wewe mwenye kovu shingoni, leo ukifika nyumbani tafuta karatasi zako. Soma hadi mstari wa mwisho. Usipoelewa, nenda nazo kwa daktari, umuulize mambo matatu: kilichobaki ni kiasi gani, kina nini ndani yake, na nirudi lini. Huko si kutafuta ugonjwa. Ni kujua ulipo.